Mlipuko ukizuka wodini, bakteria asomwe mapema

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu usugu wa antibiotiki imehimiza utafutaji wa dawa mpya. Sina ugomvi na hilo. Lakini dawa mpya huchukua miaka mingi kumfikia mgonjwa, na mlipuko wa maambukizi wodini hauna subira hiyo: unadai jenomu ya bakteria, yaani DNA yake yote, isomwe mapema.

Kwa kawaida maabara ya hospitali hutaja jina la bakteria na dawa zinazomuua au kushindwa. Wagonjwa wawili wakikutwa na Klebsiella pneumoniae sugu kwa dawa zile zile, majibu yao hayatofautiani, na ubashiri huanzia hapo: mmoja kamwambukiza mwenzake, au kila mmoja kaja na wake? Jenomu ya bakteria huyo ina herufi za kinasaba zaidi ya milioni 5. Sampuli mbili zikitofautiana kwa herufi chache tu, zina asili moja ya karibuni. Zikitofautiana kwa maelfu, hazihusiani, na anayenyooshewa kidole hana kosa.

Mwaka 2011 hospitali ya utafiti ya Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, huko Bethesda, ilimpokea mgonjwa mwenye Klebsiella asiyesikia dawa za kundi la kabapenemu, antibiotiki kali zinazotunzwa kwa maambukizi sugu. Alitengwa, kisha akaruhusiwa. Wiki tatu baadaye akaibuka mgonjwa wa pili. Waliokutwa na bakteria huyo walifika 18. 11 walifariki, na vifo 6 vikahusishwa moja kwa moja na maambukizi hayo. Jenomu zilipolinganishwa, ilionekana kwamba bakteria alitoka kwa yule wa kwanza mara tatu tofauti. Kimya cha wiki tatu hakikuwa usalama: wapo waliokuwa naye mwilini bila dalili. Alikutwa hata kwenye mashine ya kupumulia iliyokwisha kusafishwa.

Mwaka huo huo, wodi moja ya watoto wachanga huko Cambridge, Uingereza, ilisumbuliwa na MRSA, bakteria aina ya Staphylococcus aureus aliye sugu kwa methisilini na antibiotiki nyingine. Ikasafishwa kabisa, zikapita siku 64 bila mgonjwa, kisha mtoto mwingine akakutwa naye. Jenomu ilionyesha ni ukoo ule ule. Wahudumu 154 wakapimwa, mmoja akakutwa amembeba, naye akatibiwa. Bila jenomu, kisa kile kingehesabiwa kuwa kipya.

Wapo wanaodhani mashine ya kusoma jenomu itamaliza kila kitu. Haitamaliza. Bila kumbukumbu sahihi za nani alilala kitanda gani na lini, ukoo wa bakteria hautuambii alipitia wapi. Tena kuna plasmidi, vipande vya DNA vinavyobeba usugu na kuhama kutoka bakteria mmoja kwenda mwingine, hata wa spishi tofauti. Anayefuatilia Klebsiella peke yake anaweza kudhani mlipuko umekwisha, kumbe usugu ule umeshahamia kwa Escherichia coli. (Huu ndio upande wa kazi hii unaonikosesha usingizi.)

Kinachoniudhi zaidi ni majibu ya jenomu kutolewa miaka miwili baadaye, kwenye jarida la kitaalamu, wodi ikiwa imeshazika wagonjwa wake. Na kuna maabara ambazo hutupa bakteria waliooteshwa mara tu majibu yanapotoka, kwa hiyo hata hilo jarida halipati cha kuandika.

Mwandishi wenu akirudi kwenye mada hii, namwomba aziulize hospitali: sampuli za mlipuko uliopita zimehifadhiwa wapi, na nani alizisoma?

Msomaji wenu,
Mtaalamu wa maabara