Tupeni siku nzima ya redio ya zamani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe ombi kwa kituo chochote cha redio kilichobahatika kuwa na kanda za zamani.

Kila ifikapo 13 Februari, Siku ya Redio Duniani, huwa tunaonjeshwa sauti za zamani dakika mbili tatu, kisha linaingia tangazo la biashara. Hiyo haitoshi. Naomba mwaka ujao mtupe siku nzima, asubuhi mpaka usiku, kama tulivyosikia miaka ya hamsini na sitini: salamu, habari, mawaidha ya wakulima, kipindi cha akina mama, hadithi za watoto, na bendi ya Cuban Marimba ya Morogoro jioni. Msichague vipande vitamu peke yake. Kadiri kanda zilivyosalia, zipangeni kwa saa zake.

Redio ya Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza mwaka 1951 ilikuwa ya watu wa mjini. Sisi wa huku Misungwi tulichelewa. Baba yangu alinunua redio mwaka 1959 kwa fedha za pamba. Ilikuwa ya boksi la mbao, na betri yake peke yake ilikuwa nzito kama tofali. Mama aliifumia kitambaa cheupe. Ukiiwasha haikusema papo hapo. Ilisubiri ipate moto, ndipo sauti ije kwa mbali, ikipanda na kushuka kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya ziwa. Betri ilikuwa ghali, hivyo baba alifungua jioni tu, na Jumapili tangu mchana.

Nyumba nzima redio moja, na ndiyo sababu naandika barua hii. Wakati wa mawaidha ya wakulima sisi watoto hatukuwa na pa kwenda. Nikiwa na miaka tisa nilijua kwa nini miti ya pamba hung'olewa na kuchomwa baada ya mavuno: wadudu wasipate pa kujificha mpaka msimu mwingine. Kikija kipindi cha akina mama, baba na wageni wake walibaki palepale vitini, wakasikia namna ya kumlisha mtoto anayeachishwa ziwa. Nakumbuka siku moja baba alimuuliza mama kama mdogo wetu amepewa yai. Kabla ya redio ile, baba yangu hakuwahi kuuliza neno kama hilo.

Siku moja tu redio yetu ililia kutwa. Ilikuwa Ijumaa, 8 Desemba 1961, mkesha wa Uhuru wa Tanganyika. Baba aliweka betri mpya, akaifungua alfajiri. Majirani walikuja na vigoda na mikeka, wengine na kuku. Usiku wa manane mtangazaji akasema taa za Uwanja wa Taifa zimezimwa. Baba naye akashusha utambi wa taa ya chemli mpaka ukazima. Tukakaa gizani pamoja na Dar es Salaam, hakuna aliyekohoa.

Taa ziliporudi tukaambiwa bendera ya Mwingereza imeshuka, yetu imepanda: kijani, dhahabu na nyeusi. Watu wakapiga vigelegele. Mama akauliza, "Kijani cha namna gani? Cha jani la pamba au cha jani la muhogo?" Hakuna aliyejua. Ubishi ule ulifika mpaka alfajiri, na wazee walikuwa wanabishana kweli. Bendera yenyewe niliiona kwa macho wiki kadhaa baadaye, nikakimbia nyumbani kumwambia mama: ni cha jani la mgomba.

Leo nina wajukuu tisa. Kila mmoja ana simu yake na spika zake masikioni. Wa muziki husikia muziki, wa mpira mpira. Siwalaumu, ndivyo dunia ilivyowapokea. Lakini hakuna anayesikia tena jambo la mwenzake, na mimi naona hiyo ni hasara kubwa kwa nyumba.

Redio ya baba bado ninayo, ingawa haisemi. Ninayo nyingine ndogo ya betri mbili, na hiyo ndiyo nitakayoiweka barazani. Naomba tu mtutangazie ratiba mapema, angalau wiki mbili kabla, maana wajukuu wanne wako Mwanza mjini na nitawatumia nauli waje.

Bibi wa wajukuu tisa,
Misungwi, Mwanza