Mama Neema, wewe ulishauriwa na nani?

Nkuhungu, Dodoma

Mama Neema mpendwa,

Habari za Singida? Neema na wadogo zake hawajambo? Sisi huku wazima, ila upepo wa Dodoma umetujazia vumbi mpaka ndani ya vyungu. Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu, maana jambo hili la akiba ya kustaafu nikilisema kwa simu nitaishia njiani.

Juzi tumemuaga mwalimu mwenzetu aliyefikisha miaka 60. Watu walipotawanyika akanivuta pembeni, akanionyesha hesabu ya mafao yake. Nilipofika nyumbani nikachukua daftari nikapiga yangu. Unakumbuka nilivyochelewa kuajiriwa, kwa hiyo nitastaafu nikiwa na miezi 360 ya kuchangia. Tuseme wastani wa mishahara yangu ya miaka mitatu iliyo bora utakuwa 1,160,000. Ukizidisha na hiyo miezi, ukagawa kwa 580, unapata pensheni ya 720,000 kwa mwezi. Lakini hiyo yote hailipwi mwezi kwa mwezi. Sisi ambao kikokotoo, yaani sehemu ya pensheni inayotolewa kwa mkupuo, kilikuwa asilimia 50, kikashushwa 33 mwaka 2022, kikapandishwa 40 mwaka 2024, ile asilimia 40 ya pensheni ya mwaka huzidishwa mara 12 na nusu, ukapewa kwa mkupuo. Kwangu ni milioni 43 na laki mbili. Baada ya hapo kila mwezi ni 432,000.

Mama Neema, siidharau pensheni. Tunakatwa asilimia 5, mwajiri anaweka 15, na PSSSF, mfuko wetu wa pensheni, italipa mpaka nitakapofumba macho. Lakini nyumba yangu haina dari bado, na huyu kitinda mimba nitastaafu akiwa ndiyo kwanza anaingia chuo. Nina miaka 13 mbele yangu, na nikijibana naweza kutenga laki moja na nusu kila mwezi. Nikuulizalo ni niiweke wapi, na zaidi ya hapo, nimwamini nani anionyeshe.

Washauri sijawakosa. Mwenzetu mmoja wa ofisini ana viwanja vya Nala, kila Ijumaa ananiambia bei ya leo si ya kesho. Afisa mmoja wa benki alikuja shuleni, kijana mwenye adabu sana, akatueleza akaunti ya malengo na mkopo kwa pamoja, na tulipomaliza kusikiliza fomu za mkopo ndizo zilizotangulia mezani. Nilimuuliza kama na yeye ameweka akiba yake humo. Akacheka tu.

Na kuna jambo sijawahi kukuambia. Mwaka jana nilikopa SACCOS, chama chetu cha akiba na mikopo, milioni moja na laki nane nikaiweka kwenye kundi la simu, la watu waliosema wanafanya biashara ya fedha za kigeni. Aliyeniingiza ni mtu ninayesali naye. Wiki tatu za kwanza nilipokea faida, na kwa faida ile nikamwingiza mdogo wangu. Wiki ya saba kundi likafungwa. Mkopo bado ninakatwa, na mdogo wangu hajanilaumu hata mara moja, ndiyo maana inaniuma zaidi. Sisi tulioona watu wakilia DECI, ule mchezo wa upatu, ilipofungwa mwaka 2009, tulioambiwa habari za kupanda mbegu na kuvuna, tulipaswa kuijua harufu ile. Faida niliyopokea ilikuwa pesa ya aliyeingia nyuma yangu, pengine ya mdogo wangu mwenyewe.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma usiku. Hatifungani za serikali, yaani kuikopesha serikali kwa riba, nimezielewa: unaanzia milioni moja, unanunua kupitia benki au dalali wa soko la hisa, riba inaingia kila miezi sita. Riba ikiwa asilimia 12 kwa mwaka, milioni tano zinakupa laki tatu kila nusu mwaka. Lakini ya miaka 20 ingenipita mpaka uzeeni, na ukitaka kuiuza kabla, sokoni bei inaweza kuwa chini ya uliyonunulia. Vipande vya UTT, mifuko ya uwekezaji wa pamoja, navyo nimevielewa kiasi. Unaweza kununua kidogo kidogo, jambo linalofaa mshahara wangu, ila thamani ya kipande hupanda na kushuka, na mfuko wenye hisa nyingi unayumba kuliko ule wa hatifungani.

Jambo lililonifungua macho ni dogo. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana hutoa leseni ya dalali, na leseni ya mshauri wa uwekezaji ni nyingine. Dalali anapata kamisheni ninaponunua na ninapouza. Kwa hiyo hata akiwa mwaminifu kabisa, siwezi kumuuliza yeye kama ni bora nisinunue.

Hapo ndipo nikakukumbuka wewe. Ulipouza ng'ombe wa marehemu baba uliniambia ulimlipa mtu ada kutoka mfukoni mwako, akakaa nawe asubuhi nzima na hakukuuzia kitu. Wakati ule niliona umetupa hela. Ni nani yule? Ana leseni? Alikuuliza nini kwanza, madeni yako au ndoto zako? Na ada ilikuwa kiasi gani, nianze kuitenga?

Kama hayupo tena, basi njoo wewe. Likizo ya Juni panda basi, daftari langu lipo, hati za mshahara nimeshazipanga kwa miaka. Mimi nitakupikia mlenda na ugali wa uwele, tutapiga hesabu kwanza ya kumaliza ule mkopo wa SACCOS, maana nadhani hata mshauri mwenyewe angeanzia hapo. Mwenye viwanja nimemwambia anisubiri mpaka nipate jibu lako.

Wako,
Mama Baraka