Njoo siku za maji mafu

Mwanangu mpenzi,

Asalaam alaykum. Hapa sote wazima. Bibi yako anakohoa kidogo kwa baridi ya kusi, lakini ulimi wake mzima, kwa hiyo usiwe na shaka naye.

Leo ni siku ya pili ya maji mafu, bahari haitoki mbali na shambani hakuingiliki. Nimekaa barazani, ukili nimeuweka kando, nikaona nikuandikie maana kwenye simu hunipi nafasi. Nikifungua mdomo tu unasema, "Si kitu mama, nimechoka kidogo." Aliyechoka kidogo hampigii mamaake saa sita usiku kisha akanyamaza.

Neno lako moja limenikaa. Ulisema siku yako ya mapumziko ulilala hadi adhuhuri, ukaamka unajiona kama umeiba. Umemwibia nani, mamaangu?

Wewe umelelewa na mwani. Ulipoanza kulimwa huku kwetu mwaka 1989 mimi nilikuwa msichana, na tangu hapo siku zangu zinahesabiwa na mwezi. Bamvua huja mara mbili kila mwezi, mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Maji yanatoka mbali, tunaingia shambani, tunafunga, tunavuna, tunabeba. Mwezi ukiwa nusu ndiyo maji mafu, maji hayatoki ya kutosha na shamba limefunikwa. Umewahi kuona mwanamke amesimama ufukweni anayagombeza maji yatoke? Anarudi kwake, anasuka, analala, anakwenda harusini. Na kazi haijaisha! Kamba nyingine hazijafungwa, vigingi vimelegea. Maji hayamuulizi mtu kama amemaliza. Huko wodini kwenu hakuna maji mafu, taa zinawaka usiku kucha na wagonjwa hawakatiki. Basi maji mafu yako itabidi uyaweke mwenyewe, kabla kazi haijaisha, maana haiishi.

Nakwambia hivi kwa sababu nilijaribu kuyaruka. Mwaka ulioingia sekondari nilikuwa na deni, nikaona siku za maji mafu zinapotea bure. Nikachukua kazi ya kupiga makumbi ya nazi kwa mtu. Asubuhi mpaka alasiri nagonga, jioni nasokota kamba. Bamvua lilipokuja nikaingia shambani na wenzangu, nikafunga taitai, vile vikamba vya kushikia mwani, siku nne, mikono haina nguvu, mafundo yanateleza nami nayaona, nikajiambia yatashika. Hayakushika. Ulipopiga upepo, kamba zangu zikabaki tupu, mwani wangu umetapakaa ufukweni, watoto wanauchezea. Mwani unataka kama siku 45 mpaka kuvunwa, kwa hiyo pesa ya makumbi yote ikaliwa na kungoja upya. Bibi yako alikuja akatazama, akasema, "Mikono umeiacha kwenye makumbi," akaenda zake. Nilimchukia siku mbili.

Sasa nije kwenye la kwangu, maana na mimi nina kosa. Mdogo wako ameniambia kwamba zamu za wenzio unazichukua ili utume pesa za mabati ya jikoni. Mimi ndiye niliyetaja mabati. Nilitaja kama mtu anavyotaja mvua, wala sikujua utayageuza kuwa zamu za usiku. Mwezi huu usitume. Jiko linavuja mahali pamoja tu, tumeweka ndoo, na bibi yako ameshapata la kulalamikia. Ukilikarabati tutamnyima kazi.

Na kupumzika kwenyewe si kulala na simu kifuani, unasoma ujumbe wa kundi la zamu kila unapoingia. Huko ni kulinda zamu kwa kujilaza. Zima. Mchana ukipata nafasi lala kailula, hata robo saa. Ni sunna, hakuna aliyewahi kuiita uvivu isipokuwa wewe. Siku ya kufua, fua nusu. Mtu akikuomba umshikie zamu, mwambie huwezi, kisha usimpe sababu. Sababu ndizo zinazokuponza, unazianza vizuri halafu unaishia kukubali.

Lakini kama unalala na hupati usingizi, au unaamka kila siku moyo unakwenda mbio, chakula hakipiti, na wiki zinapita, hilo si la maji mafu tena. Nenda kamwone daktari, ukae upande wa mgonjwa safari hii. Wagonjwa wako unawaambia wasichelewe. Nimekusikia kwa masikio yangu, ukimgombeza babako mdogo kwa sukari yake.

Kitanda chako nimekikaza kamba na chumba nimekifagia. Ukipata likizo, hata ya siku tatu, panda boti uje. Ila tazama mwezi kwanza, uje siku za maji mafu, utanikuta nyumbani. Ukija bamvua nitakuwa pwani, na wewe utafunga kanga kiunoni uniambie unakuja kunisaidia kidogo tu. Nakujua.

Mamaako