Rejesta Kwanza, Kikombe Baadaye: Barua ya Wazi kwa Waliosoma Shule za Sekondari Zilizofungwa Vijijini

Wanangu na wajukuu, nyinyi mliovaa jezi za shule ambazo leo milango yake ina kufuli,

Hamjambo. Kila shule ndogo inapofungwa, kosa ni lile lile. Watu huja siku ya mwisho, hubeba vikombe, hupiga picha langoni, kisha hutawanyika. Rejesta ya wanafunzi hubaki kabatini, na paa likianza kuvuja, maji na mchwa huimaliza. Baada ya miaka kumi kikombe kiko sebuleni kwa mtu, kimeandikwa mwaka na jina la wilaya, na hakuna awezaye kuwataja wale kumi na mmoja waliokileta nyumbani.

Kwa Kenya jambo hili lina haraka sasa. Kidato cha 1 cha mwisho kiliingia Januari 2024. Mwaka 2025 shule za sekondari hazikupokea darasa jipya, kwa kuwa katika mtaala mpya gredi za 7 hadi 9 zimewekwa katika shule za msingi, na gredi ya 10 ya kwanza ikaanza Januari 2026. Shule ya kutwa yenye mkondo mmoja, wazazi wakiipita na kuchagua shule kubwa, haina pa kushika: fedha za serikali huja kwa kichwa, kiwango kilichowekwa kikiwa shilingi 22,244 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na walimu nao hugawiwa kwa kufuata idadi ya wanafunzi. Timu hufa kabla ya shule. Ukiwa na wavulana kumi na watatu shuleni, wawili wakiugua na mmoja akifukuzwa karo, huna kikosi. Zipo shule ambazo zitabaki na watahiniwa tu, na KCSE, mtihani wa kidato cha 4, ya mwisho ni ya mwaka 2027. Muda wenu wa kuokoa kumbukumbu za timu zenu ndio huo.

Anzeni na rejesta ya kuandikisha wanafunzi, kile kitabu kikubwa chenye namba, jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, shule ya msingi mtu alikotoka, siku aliyoingia na siku aliyoondoka. Fomu za wachezaji zilizopelekwa kwenye mashindano zilijazwa kutoka humo, namba ya mwanafunzi ikiwa kando ya jina na mhuri wa mkuu wa shule chini. Kwa hiyo mkipata orodha iliyochanika nusu, au mtu anayekumbukwa kijijini kwa jina la utani pekee, namba ndiyo itakayowapeleka kwa mwenyewe.

Lakini msiende na rejesta nyumbani. Kumbukumbu za shule ya umma ni mali ya umma, na Sheria ya Nyaraka, Sura ya 19, hairuhusu ziharibiwe bila idhini ya mkurugenzi wa nyaraka. Pigeni picha kila ukurasa, kisha kitabu kikabidhiwe ofisi ya elimu ya kaunti ndogo pamoja na orodha ya vilivyokabidhiwa, nakala mbili, kila upande ukitia sahihi. Vyeti ambavyo havijachukuliwa viende kwa njia hiyo hiyo. Yuko mtu mahali fulani anayekihitaji cheti hicho ili apate kazi.

Mkisoma rejesta za zamani mtakuta shimo mwaka 1985. Msidhani kurasa zimeng'olewa. Mtihani wa mwisho wa CPE, ule wa kumaliza shule ya msingi, ulifanywa 1983, darasa la 7 la 1984 likaendelea hadi darasa la 8, na kidato cha 1 kikaingia tena 1986. Ndiyo maana timu za 1985 hadi 1988 mara nyingi zinakosa rika moja zima, na shule ndogo ziliumia zaidi. Tena, hadi 1989 baadhi ya shule zilikuwa na kidato cha 5 na cha 6, kwa hiyo mchezaji wa miaka 19 katika picha ya 1980 si lazima awe mamluki, yaani mchezaji wa kukodiwa asiye mwanafunzi wa shule hiyo.

Sasa picha. Kamera ya simu inatosha, ila fanyeni kazi barazani penye kivuli, asubuhi kuelekea saa nne, bila mwako wa simu. Simu iwe sambamba na karatasi. Ikiinama hata kidogo, nyuso za pembeni zinavimba. Wekeni rula kando ili ukubwa ujulikane, pigeni mara mbili, na pigeni mgongo wa picha pia, maana huko ndiko kuna tarehe na jina la studio. Mkiwa na mashine ya kuskani, tumieni nukta 600 kwa inchi kwa picha ndogo na 300 kwa karatasi za kawaida. Picha iliyogandamana na kioo cha fremu isibanduliwe, kwa sababu uso wake utabaki kwenye kioo. Ipigeni hivyo hivyo, mkiwa mmesimama upande ili kivuli chenu kisionekane. Picha za rangi zianze kushughulikiwa mapema kuliko nyeusi na nyeupe, kwani rangi hufifia haraka zaidi.

Wengi hupoteza kazi yote kwenye WhatsApp. Ukituma picha kwa njia ya kawaida, inabanwa na nyuso za mstari wa nyuma zinakuwa ukungu. Chagueni kutuma kama faili. Majina ya faili yaanze na mwaka, kisha mchezo, kisha ngazi: 1978-netiboli-wilaya-01. Nakala ziwe tatu, na moja ikae nje ya kaunti yenu. Simu ya katibu peke yake si hifadhi.

Kuandika majina, chapisheni nakala, mtie namba juu ya kila kichwa, na majina yaandikwe kwenye karatasi nyingine. Mgongo wa picha yenyewe msiuguse kwa kalamu ya wino, maana alama zake hujitokeza upande wa uso. Penseli laini inatosha.

Vikombe vina mambo mawili tu. Msivisugue kwa steeluulu wala dawa ya kung'arisha, kwa sababu maandishi yaliyochongwa yanalika. Maandishi yakiwa hafifu, funikeni kwa karatasi nyembamba na mpake penseli taratibu, au mmulike tochi kutoka ubavuni gizani. Na ulizeni kwanza kama kikombe ni cha kudumu au cha kuzunguka. Cha kuzunguka ni cha waandalizi, na baadhi ya shule zilifungwa vikiwa bado ofisini.

Kuongea na wachezaji ndiyo kazi ndefu. Usimuulize mzee, "Nikumbushe ile fainali." Atakupa hadithi aliyoisimulia mara mia, yenye mabao yanayoongezeka kila mwaka. Muulize nani alikuwa langoni, nani namba 2, nani namba 3, mpaka 11, kisha waliokaa benchi, aliyefua jezi, aliyebeba mpira. Mechi itajileta yenyewe. Waulize wawili au watatu, kila mmoja peke yake. Wakitofautiana kuhusu matokeo, andikeni yote na nani kasema lipi, msichague linalopendeza. Mechi za ngazi ya mkoa na taifa zinaweza kupatikana katika magazeti ya zamani, kwenye Maktaba ya McMillan au Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, Nairobi. Za zoni na wilaya mara nyingi hazikuandikwa popote, kwa hiyo midomo ya watu ndiyo gazeti lenu.

Angalieni mipaka pia. Vihiga ilikatwa kutoka Kakamega mwaka 1990, na kaunti 47 zilianza kazi 2013. Kikombe cha "Kakamega" cha 1986 huenda ni cha shule ambayo leo iko Vihiga, na barua zake ziko ofisi nyingine kabisa.

Nawaomba jambo moja kwa uzito: timu za wasichana. Kandanda ya wavulana hukumbukwa bila kuulizwa. Netiboli na voliboli ya wasichana hupotea, na sababu kubwa ni majina. Msichana aliolewa, akahama, akabadili jina, na rejesta inamjua kwa jina la baba yake. Kila ukurasa wa orodha yenu uwe na safu mbili, jina la shuleni na jina la sasa. Mkimpata mmoja, atawajua wenzake watatu, kwa kuwa waliendelea kutembeleana kwenye matanga na harusi wakati nyinyi mkizungumzia kandanda tu.

Msiweke kurasa za rejesta mitandaoni. Huenda zina majina ya wazazi, madeni ya karo, magonjwa na adhabu za watu walio hai, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inawahusu nanyi. Picha ya timu na orodha ya majina, kwa ridhaa ya wahusika, yatosha. Na kama timu iliwahi kupokonywa ushindi kwa kuchezesha mamluki, andikeni hivyo. Wapinzani wenu wanakumbuka, na orodha iliyosafishwa hawataiamini hata pale inaposema kweli.

Uwanja ni wa mwisho, lakini msiuache. Pimeni kwa futi kamba upana na urefu, mchore mahali mabikoni, yale mawe ya mpaka, yalipo, na mwandike miti ya goli ilisimama wapi. Ya mkaratusi huliwa na mchwa chini kabla haijaonekana juu, na mara goli likianguka mtu hupanda mahindi.

Mtakapochapa vikosi, msiruke nafasi ambayo jina lake halijapatikana. Wekeni mstari, mwandike nafasi na mwaka, na namba ya simu ya katibu chini ya ukurasa: winga wa kushoto, 1974, jina bado linatafutwa.