Pazia la gari la kulala lifungwe juu na chini

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nijibu makala yenu kuhusu kupamba magari ya kulala. Mwandishi alieleza vizuri habari za rangi na mito, na nilimfuata kwa furaha mpaka alipofika kwenye madirisha. Hapo aliwashauri wasomaji watafute fimbo, pete na mahameli mazito kama ya sebuleni, watundike, basi. Mimi ni fundi cherehani. Nilianza kwa kushona mapazia ya majumbani, na kwa miaka mingi sasa kazi yangu kubwa ni mapazia ya karavani, yaani vyumba vya magurudumu vya kulala safarini, na ya mabasi madogo yaliyogeuzwa nyumba. Mwenyewe husafiri na kulala katika gari la namna hiyo pamoja na mume wangu na mama yangu mzazi. Siwezi kuunyamazia ushauri ule, kwa kuwa wapo watakaoufuata.

Nyumba haiendi popote, na kuta zake zimesimama wima. Karavani hutikiswa barabarani, na kuta zake nyingi huegemea ndani kadiri zinavyopanda. Ukitundika pazia kwa juu tu, ncha yake ya chini huachana na dirisha na mwanga hupenya kwa chini. Gari likikata kona, kitambaa chote huyumba na kumfuta usoni aliyeketi karibu. Pete nazo hugongana na fimbo njia nzima, na kwenye barabara ya mashimo fimbo hung'oka kwenye vishikio vyake. Mahameli mazito huzidisha hayo yote. Tena kila gari lina kikomo cha mzigo kilichowekwa na kiwanda, na ndani ya kikomo hicho ndimo yanamoingia maji, vyombo, nguo na abiria. Sioni sababu ya kukigawia kitambaa kizito sehemu ya mzigo huo.

Dawa yake ni reli mbili, moja juu ya dirisha na moja chini yake, na pazia likatwe kwa kipimo cha kutoka reli hadi reli, likiwa limevutika kidogo lakini bila kulegea wala kukaza. Likifungwa hivyo hulala sambamba na ukuta hata kama ukuta umeinama, na gari likipita kwenye matuta halitikisiki. Reli nzuri ni zile nyembamba za alumini au za plastiki, zenye vitelezi vidogo vinavyoshikizwa kwenye utepe ulioshonewa upindo wa pazia. Kila mwisho wa reli uwe na kizuizi, la sivyo breki ya kwanza kali itavimwaga vitelezi sakafuni. Waya wa springi uliovikwa plastiki unafaa pia, ila kwa madirisha madogo. Kwenye dirisha refu waya hulegea katikati, na ukiuwekea kulabu ya kuunyanyua, pazia halipiti tena pale penye kulabu. Mteja akiniambia dirisha lake linazidi mita moja, namwelekeza kwenye reli moja kwa moja.

Kufunga reli hizo ndiko kunakowatia watu hasara. Ukuta wa karavani kwa kawaida ni plaiwudi nyembamba kwa ndani, povu la kuzuia joto katikati, na ngozi ya alumini au faibaglasi kwa nje. Skrubu ya kufungia fimbo ya sebuleni inaweza kutokeza upande wa pili. Tundu dogo tu kwenye ngozi ya nje linatosha kuingiza mvua, na mbao za ndani zikishaanza kulowa huoza muda mrefu kabla mwenye gari hajaona doa. Kwa hiyo pima unene wa ukuta kwanza, ufupishe skrubu, na ufunge ncha ya keekee utepe wa rangi mahali pa kukomea. Gonga ukuta kwa kifundo cha kidole ujue fremu ilipo, maana plaiwudi peke yake haishiki skrubu kwa muda mrefu. Na kabla ya kutoboa popote, fuatilia nyaya za taa na mabomba ya maji zinakopita. Pasipo na fremu, ni salama zaidi kugandisha kipande cha ubao kwa gundi imara na kufungia reli juu yake.

Wengine hupenda sumaku. Sumaku hushika chuma tu. Alumini na faibaglasi hazishiki hata kidogo. Kwenye basi dogo lenye bodi ya chuma ni njia nzuri sana, na mimi hushonea sumaku ndogo ndani ya upindo. Velkro ya kubandika nayo ina udhaifu wake: gundi yake hulainika juani na baada ya muda hubanduka. Upande wa pazia ushonwe, na upande wa ukuta usafishwe kwa spiriti na kukauka kabisa kabla ya kubandika.

Sasa kitambaa chenyewe. Nyumbani tumezoea kununua kitambaa chenye upana mara mbili ya dirisha, au zaidi, ili marinda yajae. Ndani ya gari mara moja na nusu inatosha: dirisha la sentimita 100 lipewe kitambaa cha sentimita 150 pamoja na pindo za pembeni. Ukizidisha, pazia likifunguliwa litarundikana mbele ya kioo, maana pembeni huwa kuna kabati au ukuta wa choo na halina pa kwenda. Pamba ifuliwe kabla ya kukatwa. Kupungua kwa asilimia 5 katika kufua mara ya kwanza ni jambo la kawaida kwa pamba, na kwa pazia la sentimita 60 hizo ni sentimita 3. Sebuleni hakuna atakayeziona. Penye reli mbili, pazia halitafika chini tena. Ndiyo maana mara nyingi mimi huchagua poliesta, au pamba iliyochanganywa na poliesta. Haipungui sana, hukauka upesi, na hustahimili jua kuliko nailoni, ambayo jua la dirishani huidhoofisha mpaka ikachanika kwa kuvutwa. Uzi wa kushonea nao uwe wa poliesta. Nimepokea mapazia mengi ambayo kitambaa bado ni kizima lakini mishono imeachia yote, kwa sababu uzi wa pamba umeliwa na jua.

Kwa usingizi, bitana ndiyo muhimu. Mama yangu huamka mwanga ukimgusa tu, na kumpatia giza kumenifundisha kwamba mwanga mwingi hauingii kupitia kitambaa, huingia pembeni. Bitana nzito isiyopitisha mwanga haina faida kama pazia limeishia pale pale ukingo wa dirisha unapoishia. Ongeza angalau sentimita 5 kila upande, na sehemu zile za pembeni zibanwe ukutani kwa vifungo vya kubonyeza. Mchana tunataka mwanga bila kutazamwa na wapita njia, kwa hiyo nyuma ya pazia zito naweka shia, yaani pazia jepesi linalopitisha mwanga, kwenye njia yake yenyewe ya reli. Reli zenye njia mbili zipo, wala hazichukui nafasi kubwa.

Kuhusu joto, niseme jambo ambalo wauzaji wa vitambaa hawalisemi vya kutosha. Mwanga wa jua ukishapita kwenye kioo na kugonga pazia, joto limekwisha ingia ndani. Bitana nyeupe au ya fedha inayotazama nje hurudisha sehemu ya mwanga huo, lakini kinga iliyo nje ya kioo hufanya kazi zaidi, hasa kwenye kioo kikubwa cha mbele gari likiwa limeegeshwa. Vilevile madirisha mengi ya karavani ni ya plastiki ya akriliki, hayana kioo. Ukiyaziba kabisa kwa ndani, jua likiwa kali, joto hukusanyika kati ya pazia na plastiki na linaweza kuipinda. Acha uwazi kidogo hewa ipite.

Baridi nayo ina shida yake. Watu watatu wakilala ndani ya chumba kidogo, pumzi zao hutoa unyevu mwingi usiku kucha. Dirisha lililo nyuma ya pazia limetengwa na joto la chumba, hivyo linakuwa ndilo baridi kuliko kila kitu, na unyevu hupenya kwenye kitambaa ukageuka maji pale. Maji hutiririka, upindo wa chini huyanywa, na baada ya muda mfupi vidoa vyeusi vya kuvu vinaanza. Mapazia yanayoletwa kwangu yakiwa yameharibikia chini huwa na historia hiyo moja. Upindo usiguse kizingiti cha dirisha, tundu la hewa la paa liachwe wazi kidogo usiku, na asubuhi mapazia yafunguliwe yote, madirisha yafutwe kwa kitambaa kikavu. Tafadhali, asitokee mtu akaziba matundu ya hewa ya kudumu kwa pazia ili kuzuia baridi. Yamewekwa kwa ajili ya vifaa vya gesi, na kaboni monoksidi, hewa ya sumu inayotokana na moto wa vifaa hivyo, haina harufu wala rangi.

Kilichonifanya nishike kalamu, Mhariri, ni ile picha iliyoambatana na makala: mahameli yenye marinda, yameteremka mpaka karibu na jiko la gesi. Ndani ya karavani, kutoka jikoni hadi kitandani ni hatua chache, na mara nyingi jiko liko karibu na mlango, hivyo moto ukianza pale njia ya kutokea imekwisha zibwa. Pamba hushika moto na kuwaka kwa mwali. Poliesta hujikunja, huyeyuka na kudondoka matone ya moto yanayoganda kwenye ngozi. Marekani ina kanuni ya usalama wa magari iitwayo FMVSS 302, inayotumika tangu mwaka 1972, na inataja mapazia kwa jina miongoni mwa vitu vya ndani ya gari: kikipimwa, moto usitembee juu ya kitambaa zaidi ya milimita 102 kwa dakika. Si kwamba kitambaa kilichofaulu hakiungui. Kinampa aliyelala dakika za kuamka na kutoka. Kitambaa cha sebuleni hakikupimwa kwa ajili hiyo, na mnunuzi ana haki ya kumuuliza muuzaji. Akipata kilichotiwa dawa ya kuzuia moto, asome namna ya kukifua, maana dawa nyingine huondoka kwa maji na sabuni.

Dirisha lililo juu ya jiko au ubavuni mwake mimi silishonei pazia la kitambaa, hata mteja akisisitiza. Namshauri aweke vipande vyembamba vya alumini vinavyofunguka kwa kamba fupi, au aliache wazi. Wateja wengine wameondoka kwa hasira kwa ajili hiyo, na bado nakataa. Dirisha la dharura, lile lenye vishikio vyekundu kwenye magari mengi, pazia lake liweze kufunguliwa na mtoto gizani kwa kuvuta mara moja, bila fundo la kamba wala fimbo ya kuondoa kwanza.

Imebaki sehemu ya dereva. Pazia la kutenga viti vya mbele na chumba cha kulala ni zuri, huzuia baridi na mwanga. Gari likianza kuondoka lifungwe kwa mkanda wenye kifungo, upande usiomzibia dereva vioo vyake, na madirisha ya pembeni ya mbele yasiwe na kitambaa chochote. Nguzo za kando ya kioo cha mbele zisitobolewe wala kufunikwa. Katika magari mengi ya sasa kuna mifuko ya hewa, ile inayofumuka kuwakinga watu gari likigonga, iliyokunjwa ndani ya nguzo hizo au juu ya milango, na skrubu iliyowekwa pale inaweza kuuzuia mfuko kufunguka au kurushwa nao kuelekea kwa dereva.

Naomba mchape marekebisho kuhusu ile picha ya jiko, kwa ukubwa ule ule wa picha yenyewe. Na kama mwandishi wenu atarudi kwenye mada hii, reli ya chini ionekane pichani ili msomaji aone inavyofungwa. Michoro yangu ya kukatia ninayo, pamoja na vipande vya reli na vya bitana ambavyo nimevijaribu juani na mvuani. Niko tayari kuvileta ofisini kwenu siku yoyote mtakayopanga.

Wako mwaminifu,
Fundi wa mapazia ya magari
Jina na anwani Mhariri anavyo