Msufi si wa kukatia mbao za zege

Mhariri,

Wiki mbili zilizopita msumeno wa mashine uliunguruma kijijini kwetu, huku Muheza, tangu asubuhi hadi adhuhuri. Msufi uliokuwa nyuma ya kisima ukaanguka. Mwenye shamba alihitaji ada ya shule, simlaumu. Aliyeununua alitaka mbao za zege, zile zinazotumika mara mbili tatu kisha zinakuwa kuni.

Mbao ya msufi ni laini na nyepesi mno. Inafaa masanduku, njiti za kiberiti, plaiwudi, hata mtumbwi. Lakini si mninga wala mvule: ikikaa kwenye unyevu huota ukungu upesi, na wadudu huitoboa. Ndiyo maana hununuliwa kwa bei ya kutupa.

Sufi je? Kila kiangazi bibi yangu aliyaanika matunda ya msufi ule mpaka yakapasuka, akatia sufi kwenye tenga, akaikoroga kwa upekecho hadi mbegu nyeusi zikashuka chini. Sisi wajukuu tulijifunga kanga puani, maana sufi ikikuingia kooni utakohoa mpaka magharibi. Mto mmoja aliojaza yeye naulalia hadi leo. Ukishindiliana nauanika juani, jioni umeumuka tena.

Nyuzi za sufi ni fupi na zinateleza, kwa hiyo hazisokoteki kirahisi kama pamba. Ila zina nta inayokataa maji, na zinaelea. Kabla ya sponji za viwandani, majaketi ya kuokolea mabaharia yalijazwa sufi. Nyingi ilitoka kisiwa cha Java, na Wajapani walipokiteka mwaka 1942, Wamarekani walihangaika kutafuta mbadala katika magugu ya porini kwao. Sisi tunaiacha ipeperuke barabarani.

Ninaomba maofisa misitu, kabla ya kutoa kibali, wauulize mti unazaa kiasi gani. Na wenye hoteli za pwani, wanaonunua mito ya sponji kutoka mbali, wawape kazi mafundi magodoro wetu. Wapo bado, wazee wanaojua kujaza sufi isifanye mabonge.

Mbegu nilizookota pale kisimani zimejaa kopo la lita tano. Jirani anayetaka kupanda mvua zikianza, nitampa bure.

Msomaji wako,
Muheza, Tanga