Milioni moja na moja si namba tasa

Mhariri,

Mimi niko na kaduka huku Kayole na gazeti lenu nanunua kila Jumamosi, nusu nasoma nusu nafungia mandazi, kwa hivyo msione nimekuja kugombana. Shida ni kona ya watoto ya wiki jana. Mliweka namba nne mkauliza ni ipi tasa, yaani ile haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe, halafu jibu mkaliandika pale chini likiwa limegeuzwa, eti ni 1,000,001. Msichana wangu wa Gredi ya 6 akaniambia, "Baba, hii mimi siamini," nikamjibu gazeti haliwezi kosea hesabu (nimejuta).

Akachukua kalkuleta ya duka, ile kitufe chake cha sawasawa hushikana juu ya unga, akaanza kugawa. 2 haiingii, namba inaishia na 1. 3 haiingii, ukijumlisha tarakimu zake unapata 2 tu. 7, 11, 13, zote zinabakisha, na yeye anazikata moja moja nyuma ya pakiti ya unga. Namba tasa zilizo chini ya 100 ziko 25 na zote 25 zilikataa, na hapo ndipo naona mtungaji wenu alichoka akafunga daftari, kwa sababu ya 26 ni 101, na 101 inaingia mara 9,901 bila kubakisha hata moja. Jameni! Na mtu anafaa kujaribu mpaka 1,000 hivi, maana 1,000 mara 1,000 ndio inafika milioni.

Hata kalkuleta haikuwa lazima. Milioni ni 100 mara 100 mara 100, na 1 ni 1 mara 1 mara 1, na ukijumlisha namba mbili za aina hiyo lazima jumla igawanyike kwa 100 ukiongeza 1, ndio hiyo 101. Halafu kuna ile ya Euler, yule Mswisi wa karne ya 18, kwamba namba ikipatikana kwa kujumlisha miraba miwili kwa njia mbili tofauti basi si tasa. Hii ni 1,000 mara 1,000 ongeza 1, na pia ni 980 mara 980 ongeza 199 mara 199. Pigeni muone.

Naelewa vile iliwadanganya, vigawo vyake ni vinne pekee, 1, 101, 9,901 na yenyewe, na 101 na 9,901 zote ni tasa. Lakini rekebisheni hapo hapo kwa kona ya watoto, si kwa kale kamstari kadogo ka ukurasa wa ndani, juu kuna mtoto mahali alipata sawa akaambiwa amekosa.

Wangu sasa ameshika 1,000,003. Jana usiku alikuwa amefika 397 na wateja wanangoja kalkuleta. Hiyo ni tasa kweli, lakini sijamwambia.

Mwenye duka,
Kayole, Nairobi